Degedege halisubiri ufunguo wa kabati

Msomaji wa safu hii, mama wa watoto watatu, ameniandikia swali ambalo nimekaa nalo wiki nzima. Mwanawe wa miaka sita ana kifafa. Mwaka jana alipoanguka, walikuwa karibu na zahanati. Akapewa diazepamu, na kwa maneno ya mama, "kabla nesi hajamaliza kufunga bomba, mtoto alishatulia". Mwezi uliopita ameanguka tena, usiku, nyumbani. Bodaboda ilichelewa. Walipofika zahanati ileile ikabidi mlinzi atumwe akamwite mwenye ufunguo wa kabati la dawa, ambaye alikuwa amelala kwake. Dawa ileile, kipimo kilekile, safari hii haikufanya kitu. Mtoto alitikisika njia nzima hadi hospitali ya wilaya. Yuko hai, amerudi shule, ingawa mama anaona amekuwa mzito wa kusema kuliko zamani.

"Daktari, shikamoo. Naomba uniambie, ile dawa ya pili ilikuwa feki?"

Marahaba, mdogo wangu. Siwezi kuapa juu ya chupa ambayo sikuiona, na dawa mbovu zipo. Lakini nakuambia kwa moyo mweupe kwamba dawa inaweza kuwa halali kabisa na bado ikashindwa, kwa sababu mahali ilipokuwa ifanye kazi pameshabomoka. Mwaka jana mlifika mapema. Safari hii mlifika wakati ubongo wa mtoto umeshaficha kile ambacho diazepamu hukishika. Wiki hii nataka kueleza jambo hilo, kwa sababu ukilielewa hutaona tena suala la ufunguo kuwa jambo dogo la utawala.

Tuanze na breki. Seli za neva katika ubongo hazigusani moja kwa moja. Kati ya seli na seli kuna mwanya mdogo sana, na pale zinapokutana tunapaita sinapsi. Seli moja humwaga kemikali kwenye mwanya, na seli ya pili huidaka kwa vipokezi vilivyo juu ya ngozi yake. Kemikali nyingine zinasema "amka". Nyingine zinasema "tulia". Katika ubongo, msemaji mkuu wa "tulia" ni kemikali iitwayo GABA. Kwenye uti wa mgongo na shina la ubongo husaidiana na nyingine iitwayo glisini. GABA ikitua kwenye kipokezi chake, mlango mdogo hufunguka na kloraidi huingia ndani ya seli. Ni kloraidi ileile iliyomo kwenye chumvi ya mezani. Ikishaingia, seli inakuwa ngumu kuwashwa.

Diazepamu, ambayo wengi tunaijua kwa jina la Valium, haiufungui mlango huo yenyewe. Kazi yake ni kukishika kipokezi na kukifanya kiitikie GABA kwa wepesi zaidi, mlango ufunguke mara nyingi zaidi. Fenobabitali nayo hufanya kazi palepale, ila yenyewe hufanya mlango ukae wazi muda mrefu zaidi. Zote mbili zinahitaji mlango uwepo. Kama mlango umeng'olewa, ni sawa na kupaka grisi bawaba za nyumba ambayo haina mlango.

Nani anaushikilia mlango pale ulipo? Mtu akisoma kitabu cha shule anaweza kudhani vipokezi vimezaliwa vikiwa vimegandishwa mahali pake. Sivyo. Ngozi ya seli ni laini kama mafuta, na kipokezi kisichoshikwa huelea huku na huko. Mwaka 2003 watafiti wa Ufaransa walivifuata vipokezi vya glisini kimoja kimoja, kwa kuvibandika vichembe vinavyong'aa, wakaviona vikizurura juu ya seli, vikiingia kwenye sinapsi, vikitulia kidogo, kisha vikiondoka tena. Kile kinachovituliza kipo upande wa ndani, chini ya ngozi ya seli. Ni protini iitwayo gefirini.

Ilipatikana kwa bahati, kama mambo mengi mazuri. Mwaka 1982 kundi la Heinrich Betz huko Ujerumani lilikuwa likitafuta kipokezi cha glisini kutoka kwenye uti wa mgongo wa panya. Chambo chao kilikuwa strikinini, sumu ya kuulia panya na mbwa, kwa sababu strikinini hung'ang'ania kipokezi hicho kwa nguvu sana. Walipokivuta kipokezi, kikaja na kitu kingine kilichokishikilia, protini nzito ambayo haikutarajiwa. Wangeweza kuisafisha na kuitupa kama uchafu. Hawakuitupa. Miaka 10 baadaye ilipewa jina kutoka neno la Kigiriki linalomaanisha daraja, kwa sababu huunganisha kipokezi kilicho juu na nguzo za ndani ya seli.

Mimi jina la daraja halinitoshi. Daraja unalipita. Hii ni zaidi ya mkeka. Ncha moja ya gefirini hujiunga tatu tatu, ncha nyingine hujiunga mbili mbili, na wataalamu wanaamini kwamba kwa kujiunga hivyo zinasuka wavu chini ya sinapsi, mithili ya ukili unavyosukwa. Vipokezi vya glisini, na aina nyingi za vipokezi vya GABA, hunasa kwenye wavu huo na kukaa mkabala na pale kemikali inapomwagwa. Pasipo mkeka vipokezi vinaweza kuwepo kwenye seli, lakini viko pembeni, neno "tulia" linatamkwa na hakuna anayelisikia.

Mwaka 1998 watafiti walizalisha panya wasio na jeni ya gefirini kabisa. Vichanga hao walikakamaa walipoguswa tu, na walikufa ndani ya siku ya kwanza. Wauguzi wa zamani na wakunga wetu hawahitaji maabara kuipata picha hiyo. Wamemwona mtoto wa pepopunda, aliyekatwa kitovu kwa wembe mchafu, anayejikunja kama upinde kwa sababu mlango umegongwa. Sumu ya pepopunda huizuia seli isimwage GABA na glisini. Strikinini huziba kipokezi cha glisini. Kukosa gefirini huacha vipokezi bila pa kushika. Njia ni tatu, na zote zinaishia kwenye mwili usio na breki.

Sasa turudi kwa mtoto wa miaka sita aliyekuwa akisubiri ufunguo.

Degedege fupi huisha lenyewe. (Nalitumia neno degedege hapa kwa kila mtikisiko wa mwili mzima unaotoka kwenye ubongo, uwe wa homa au wa kifafa, kwa sababu ukiwa mbele ya mtoto anayetikisika huna muda wa kutofautisha.) Mengi hayafiki dakika mbili au tatu, breki za ubongo zinashika na mtoto anasinzia. Lakini likiendelea, seli zinaanza kufanya jambo baya: zinaving'oa vipokezi vya GABA kutoka kwenye sinapsi na kuvivuta ndani ya tumbo lake, ambako GABA haivifikii na diazepamu haivifikii. Tafiti za wanyama zilizochapishwa mwaka 2005 zilionyesha kuwa ndani ya saa moja idadi ya vipokezi kwenye sinapsi imepungua waziwazi. Wakati huohuo vipokezi vya "amka" vinaongezeka juu ya seli. Gari limo kwenye mteremko, breki zinalegea, na mguu unazidi kukanyaga mafuta.

Jaideep Kapur na Robert Macdonald wa Marekani walikuwa wameshaona matokeo ya jambo hilo mwaka 1997. Panya waliopewa diazepamu dakika 10 baada ya degedege kuanza walitulia kwa kipimo cha kawaida. Waliopewa dakika ya 45 walihitaji kipimo kikubwa mara nyingi zaidi, kiasi ambacho kwa binadamu usingethubutu kukitoa bila mashine ya kupumulia pembeni. Ni dawa ileile, mnyama yuleyule, na tofauti ni dakika 35.

Ndiyo maana mwaka 2015 wataalamu wa kifafa duniani walikubaliana kuweka saa mbili za kuangalia. Degedege la mwili mzima likifika dakika 5 lihesabiwe kuwa la hatari na dawa itolewe, kwa sababu uwezekano wa kuisha lenyewe umepungua sana. Likifika dakika 30, hesabu kwamba ubongo unaweza kubaki na madhara ya kudumu. Kati ya 5 na 30 zipo dakika 25. Hizo ndizo tunazogombania. Kwa mama wa mjini zinaisha kwenye foleni. Kwa mama wa kijijini zinaisha kabla bodaboda haijapatikana. Na kwa mama yangu huyu, nyingi kati ya zile alizofika nazo zahanati ziliishia mbele ya kabati lililofungwa.

Najua kwa nini kabati linafungwa. Diazepamu ni miongoni mwa dawa zenye asili ya kulevya, ina daftari lake, kila ampuli inaandikwa, na mhudumu akikutwa na upungufu ataeleza. Kuna wanaoiiba kweli, na kuna vijana mitaani wanaoitafuta. Siungi mkono dawa hizi zizagae kama karanga. Lakini tumejenga utaratibu wa kumlinda ampuli na tumesahau kumlinda mtoto. Hakuna ugumu wa kuweka ampuli mbili au tatu kwenye sanduku la dharura, zimefungwa kwa utepe wenye namba, chini ya mikono ya muuguzi wa zamu, zihesabiwe kila asubuhi na jioni wakati wa kukabidhiana. Utepe ukikatika, ampuli ielezwe. Adrenalini tunaiweka karibu kwa sababu tunajua mtu mwenye mzio mkali hangoji. Degedege nalo halingoji, na wagonjwa wake ni wengi zaidi.

Sababu ya pili nimeisikia kwa wahudumu wenyewe, tena wazuri: wanaogopa dawa itamzuia mtoto kupumua. Woga huo una msingi. Diazepamu ikizidi, au ikirudiwa rudiwa ovyo, hupunguza pumzi. Ila lazima tuuweke kwenye mizani na hatari ya kutotoa dawa. Mjini San Francisco, Marekani, wahudumu wa magari ya wagonjwa walishiriki utafiti uliochapishwa mwaka 2001, ambao wagonjwa watu wazima 205 wenye degedege lisiloisha walipewa njiani lorazepamu, diazepamu, au maji yasiyo na dawa. Waliotulia kabla ya kufika hospitali walikuwa asilimia 59 kwa lorazepamu, asilimia 43 kwa diazepamu, na asilimia 21 tu kwa maji. Waliopata shida ya pumzi au ya mzunguko wa damu walikuwa kama asilimia 10 kwa kila moja ya zile dawa mbili. Kwa waliopewa maji walikuwa zaidi ya asilimia 22. Soma tena. Degedege lenyewe lilisumbua pumzi kuliko dawa. Mhudumu anayejizuia kutoa kipimo cha kwanza kwa kuhofia pumzi anailinda dhamiri yake, lakini namba zinasema hamlindi mgonjwa.

Hapohapo nigusie jinsi ya kutoa. Bado nakuta diazepamu ikichomwa kwenye msuli wa paja au wa tako. Ikiwekwa hapo hunyonywa polepole na bila mpangilio, na hatuna muda wa polepole. Kama mshipa haupatikani, na kwa mtoto anayetikisika usiku mara nyingi haupatikani, dawa huwekwa kwenye njia ya haja kubwa kwa bomba lisilo na sindano, kwa kipimo cha uzito wa mtoto, kisha makalio yanabanwa kidogo isitoke. Haina heshima sana machoni mwa shemeji na majirani waliojazana mlangoni, naelewa, basi waambiwe watoke. Midazolamu ndiyo inayofaa kwenye msuli, na inaweza pia kuwekwa ndani ya shavu. Nayo imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kwenye zahanati zetu nyingi bado ni hadithi.

Kuna jambo jingine ambalo nimelifikiria kwa miaka mingi, na sasa gefirini na wenzake wamenipa maelezo yake. Pwani na bara, wapo wazee wanaoamini kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano atakufa. Hivyo kwanza apelekwe kwa mtaalamu wa jadi, afukizwe, wengine hutumia kinyesi cha tembo, apakwe dawa, atulie, halafu ndipo aende hospitali. Tuliosoma tumekuwa tukicheka. Mimi sicheki tena. Fikiria kijiji ambacho watoto wanaopona haraka hupona nyumbani, kwa sababu degedege fupi huisha lenyewe na sifa zinakwenda kwa moshi. Wanaofika zahanati ni wale ambao degedege limegoma, saa mbili zimepita, vipokezi vimeshavutwa ndani, malaria imeshapanda kichwani. Wanachomwa sindano. Baadhi wanakufa. Bibi aliyesimama pale ameona nini kwa macho yake? Ameona sindano, kisha ameona mauti. Ameona hivyo mara mbili, mara tatu, katika maisha yake. Kuchelewa kunaitengeneza imani, na imani inatengeneza kuchelewa kwingine. Huwezi kuikata kamba hiyo kwa hotuba. Utaikata siku bibi huyo atakapomwona mjukuu akipewa dawa dakika ya sita na kutulia mbele yake. Kwa hiyo kila mara tunapomsubirisha mama mlangoni kwa sababu ya ufunguo, tunampa bibi ushahidi mwingine.

Na homa isiachwe nyuma. Utafiti wa Kilifi, Kenya, uliochapishwa mwaka 2008, ulionyesha kuwa sehemu kubwa ya degedege la muda mrefu kwa watoto wa huko ilitokana na maambukizi. Dawa ya kutuliza inanunua muda tu. Mtoto apimwe malaria, apimwe sukari kwenye damu, na homa ya uti wa mgongo isisahaulike. Nimeona mtoto akituliza mwili kwa diazepamu, kila mtu akashusha pumzi, na hakuna aliyekumbuka kupima sukari mpaka asubuhi.

Kwa mwenye kifafa kinachojulikana, kama mtoto wa msomaji wangu, chanzo kikubwa cha degedege lisiloisha ni cha kuudhi zaidi: dawa za kila siku zimekatika. Fenobabitali ikiachwa ghafla, ubongo uliozoea kusaidiwa breki unabaki bila msaada kwa siku chache, na hapo ndipo anguko kubwa linakuja. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu milioni 50 wana kifafa duniani, na kwamba hadi asilimia 70 wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangetambuliwa na kutibiwa vizuri. Gharama ya dawa kwa mwaka mzima inaweza kuwa chini ya dola 5 za Marekani. Ni bei ya soda chache. Hata hivyo utafiti wa wilaya ya Hai mkoani Kilimanjaro ulikuta zaidi ya nusu ya watu wazima wenye kifafa hawatumii dawa. Na kule Mahenge, ambako Dk Louise Jilek-Aall alifungua kliniki ya kifafa tangu mwaka 1960, alikuta watu walioungua kwa sababu hakuna aliyethubutu kuwatoa motoni, kwa kuogopa mate yao. Nusu karne na zaidi imepita, na bado naulizwa kama povu la kifafa linaambukiza. Haliambukizi. Mshike mtu, mtoe motoni.

Kabla sijamaliza, gefirini ina kazi ya pili ambayo wengi hata madaktari hatuisemi. Mbali na kusuka mkeka wa sinapsi, inahusika kwenye hatua za mwisho za kutengeneza kiambata chenye madini ya molibdeni, ambacho mwili hukihitaji ili kuondoa sumu ya salfaiti. Kazi hiyo ni ya kale mno. Bakteria wanayo, mimea inayo, na inaelekea ndiyo iliyotangulia, mkeka ukaja baadaye. Mtoto anayezaliwa bila uwezo wa kutengeneza kiambata hicho huanza degedege siku za mwanzo, dawa hazimsikii, na kwenye picha za ubongo anafanana sana na mtoto aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa. Ni ugonjwa wa nadra. Unaotokana na gefirini yenyewe ni wa nadra kuliko wote. Mwaka 2021 Marekani iliidhinisha dawa kwa aina moja ya ugonjwa huo, lakini siyo kwa aina ya gefirini. Naandika haya kwa sababu ya akina mama wawili watatu ambao kila mimba inaishia hivyo, watoto wanakufa wiki ya kwanza, na ukweni wanasema mwanamke ana mkosi au mkunga hajui kazi. Familia ikipoteza vichanga zaidi ya mmoja kwa degedege, hasa wazazi wakiwa ndugu wa damu, iulize kuhusu magonjwa ya kurithi kwenye hospitali kubwa. Ugonjwa huu hurithiwa kwa pande zote mbili, baba na mama. Hakuna wa kumnyooshea mwenzake kidole.

Na kwa wale wanaonunua Valium duka la dawa ili wapate usingizi, mwezi baada ya mwezi, bila cheti: vipokezi mnavyovichosha ni hivihivi. Mwili hujirekebisha, dawa inapungua makali, unaongeza kidonge, kisha siku umeiacha ghafla unaweza kuanguka degedege ambalo hukuwa nalo kabisa maishani. Usiikate peke yako. Nenda upunguziwe taratibu.

Sasa mdogo wangu, wewe uliyeniuliza. Nenda kliniki ya kifafa na kadi ya mtoto, apimwe uzito upya, kwa sababu kipimo cha mtoto wa miaka minne si cha mtoto wa miaka sita. Mwombe daktari akuandikie dawa ya dharura ya kukaa nayo nyumbani na akufundishe wewe na mtu mwingine mmoja kuitumia, mbele yake, kwa mikono yenu, si kwa maneno. Mfundishe dada wa kazi, bibi, na mwalimu wa darasa mambo haya: mtoto akianguka tazama saa kwanza. Mlaze ubavu. Mlegeze kola. Ondoa meza na jiko karibu naye. Usimtie kijiko mdomoni, usimbane, usimmwagie maji, usimpe cha kunywa. Ikifika dakika tano, dawa. Kama baada ya hapo hajatulia, au amepumua vibaya, au ameanguka tena kabla ya kuzinduka, ni hospitali, na mwite dereva mapema, dakika ile ya kwanza unapotazama saa, kwa sababu dereva ukishamwita unaweza kumrudisha.

Na mchana mmoja, wakati mtoto mzima na huna haraka, pita kwenye ile zahanati. Salimia. Uliza kwa upole ufunguo wa kabati hukaa kwa nani saa nane za usiku. Wasomaji wengine pia naomba mfanye hivyo kwenye zahanati zenu, na mniandikie mlichojibiwa.